Viti vya Mfilisi

Habari za kufilisika kwa Randa zilimfikia mtalaka wake akiwa na misumari kumi na miwili mdomoni.

Ndivyo wafanyavyo kazi mafundi wa makochi. Misumari midogo hukaa mdomoni, ulimi huisogeza mmoja mmoja hadi kwenye midomo, mkono wa kushoto huvuta kitambaa, wa kulia hushika nyundo. Fundi aliye katika hali hiyo hajibu mtu, labda awe tayari kumeza chuma. Wifi yake wa zamani alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alichagua saa hiyo hiyo kuingia.

"Usihangaike kuongea, wifi, wewe sikiliza tu," alisema, akajibweteka juu ya furushi la sponji kama yuko kwake. "Kaka yangu amefilisika. Si maneno ya vibarazani, ni karatasi ya mahakama, ina muhuri. Karakana imefungwa, mashine zimebandikwa namba, mwenyewe analala kwenye mkeka sebuleni kwa mdogo wake. Kwa hiyo yale matunzo unayoyalilia kila mwezi, yasahau. Madeni yote yamefutwa. Mkutano wa wadai ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nenda ukipenda, ukapange foleni nyuma ya muuza mbao."

Fundi aligonga msumari. Akagonga wa pili. Wa tatu ulipinda, jambo ambalo halikuwa limemtokea mwaka mzima. Wifi aliuona ule msumari uliopinda, akaridhika, akainuka, akajipangusa vumbi la sponji na kwenda zake.

Matunzo yenyewe yalikuwa ya mabinti wawili, mkubwa wa miaka kumi na mitatu na mdogo wa minane. Hakimu aliyevunja ndoa yao miaka miwili iliyopita ndiye aliyeyapanga: ada, chakula, na sehemu ya kodi ya nyumba. Randa alilipa miezi ya mwanzo kwa mikogo, akituma na ujumbe kwamba yeye si kama wanaume wengine. Kisha akaanza kuingia mitini. Sasa miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita bila hata senti, na jana yake jioni binti mkubwa alikuwa ameosha vyombo, akavikausha, akasema kwa sauti ya mtu aliyelifanyia jambo mazoezi: "Mama, nikikaa nyumbani mwaka mmoja, halafu nikarudi shule, si itakuwa nafuu?"

Hilo ndilo lililopindisha msumari, si wifi.

*

Kwa miaka kumi na miwili mtu na mkewe walikuwa wa karakana moja. Mume alipasua, akaranda, akaunga. Mke alijaza sponji na kuvika kitambaa. Jina la Randa lilitokana na randa ya mkono aliyoachiwa na baba yake, aliyoing'ang'ania hata baada ya kununua ya umeme. Sifa zake hazikuwa za bure. Mtu angeweza kurusha kiti chake kutoka ghorofani, kikaanguka kwa miguu yote minne.

Ila alikuwa na kichwa kilichovimba. Hakuna kiti kilichotoka mikononi mwake bila alama. Aligeuza kiti miguu juu, akatwaa penseli yake nene nyekundu, akaandika kwenye ubao wa chini ya kikalio herufi R ndani ya pembetatu, namba ya kiti, na tarehe ya siku hiyo. Akishamaliza, ndipo mkewe aliporuhusiwa kugongomea kile kitambaa cheusi kinachoficha uchi wa kiti.

"Nani atasoma huko chini?" mke aliwahi kumuuliza.

"Mimi mwenyewe najua alama ipo," alijibu Randa. "Sitaki kiti changu kizurure duniani kama yatima."

Kwa viti, alikuwa baba bora kabisa.

*

Jumatatu yake fundi alikwenda mahakamani, ghorofa ya chini, kwenye ofisi ya mfilisi, yule mtu wa serikali anayekusanya kilichobaki kwa aliyefilisika na kuwagawia wanaomdai. Alisindikizwa na dada yake, mchapaji wa duka la kudurufu, mwanamke aliyekwisha chapa barua za watu wengi kiasi cha kujiona nusu wakili. Waliketi kwenye benchi lililoegemezwa tofali mguu mmoja. Mbele yao karani mwenye kalamu nyuma ya kila sikio alifungua daftari.

"Mnisamehe kwa benchi," alisema. "Samani mpya zinaingia kesho kutwa. Tenda imeshatoka, na nusu ya malipo pia. Haya, mama, unadai nini? Mbao, gundi, au kodi ya pango?"

"Nilikuwa nadai matunzo ya watoto. Nasikia yamefutwa."

"Nani kakwambia?"

"Wifi yangu."

"Wifi yako ni hakimu?"

"Anatamani."

Karani aliweka kalamu moja mezani. "Nisikilize vizuri. Kufilisika kunampumzisha mtu na madeni ya biashara. Hakumpumzishi na watoto wake. Matunzo aliyolimbikiza yatabaki shingoni mwake hata siku atakapotoka humu mweupe kama karatasi hii. Na kikipatikana chochote cha kugawa, watoto wanatangulia. Muuza mbao atasubiri nyuma yao, apende asipende."

Dada mtu alipiga kigelegele palepale, karatasi zikatetemeka mezani. Karani akainua kidole.

"Msishangilie mapema. Huyu bwana ameomba pia kile kiasi cha kila mwezi kipunguzwe, kwa kuwa eti hana kipato. Anasema hajaunga hata stuli tangu mwezi wa pili. Alhamisi mfilisi atamhoji, kisha ataandika ripoti. Ripoti ikisema hana kitu, hakimu atakata kiasi mpaka zibaki hela za chumvi. Na hayo malimbikizo, haki utakuwa nayo, lakini utamkamua nini mtu mkavu?"

"Anafanya kazi," alisema fundi. "Namjua. Mtu yule akikaa siku mbili bila kushika ubao anapata homa."

"Siwezi kuandika homa humu, mama. Leta kitu cha kuonekana kwa macho."

Siku mbili zilizofuata alikitafuta hicho kitu cha kuonekana hadi visigino vikamuuma. Karakana ilikuwa na kufuli la serikali mlangoni. Kwa shemeji yake, mdogo wake Randa, aliyejipachika mwenyewe jina la Bosi, geti lilifunguliwa upana wa pua. "Kaka anaumwa, shemeji. Ana mawazo. Hata chai hanywi." Nyuma ya pua ile ilisikika sauti ya msasa ukisugua mbao, kisha ikakatika ghafla. Lakini nani angemwandikia sauti kwenye ripoti? Jumatano jioni alirudi mikono mitupu, akajikaza, akawaambia wanawe kwamba kesho atachelewa.

*

Alhamisi asubuhi alikuta benchi la tofali limeondolewa. Ukumbi wa mikutano ulinuka vanishi mbichi. Safu kwa safu, vilikuwa vimepangwa viti vipya vya mbao nyekundu vyenye vikalio vya sponji, vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Wadai walikuwa wamekwisha kaa: muuza mbao mwenye tumbo la heshima, mwenye nyumba ya karakana, muuza gundi na misumari, na wengine ambao fundi aliwajua kwa sura tu.

Randa aliingia mwisho. Alikuwa amevaa shati lililokatika kola na kandambili mbili zisizo ndugu, moja ya bluu, moja ya kijani. Alitembea kama mtu anayefuata jeneza. Bosi alimshika kiwiko kwa huruma nyingi, na saa yake ikameremeta.

"Angalia hizo kandambili," alinong'ona dada mtu. "Kazitafuta kwa siku ngapi?"

 Fundi alikuwa ameketi, na mgongo wake ulikuwa umeshtuka.

Alipokuwa mjamzito wa binti wa pili, kiuno kilimtesa hata akashindwa kushona akiwa amekaa. Randa, na hili lazima asifiwe, alimchongea egemeo la kiti. Alilichonga, akamketisha, akaliondoa, akalichonga tena, mara sita, mpaka likapatikana pindo dogo la mbao mahali maalumu, chini kidogo ya mbavu, linalompokea mtu mgongo. Tangu hapo viti vyake vyote vilikuwa na pindo lile. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa nalo, kwa sababu hakuna fundi mwingine aliyekuwa na mgongo ule wa kupimia.

Na sasa lile pindo lilikuwa pale, limemkumbatia mahali pake.

Alipeleka mkono chini ya kikalio. Kitambaa cheusi kilikuwepo, kimebanwa ovyo kwa pini za mashine, kazi ya mtu mwenye haraka. Vidole vyake vilihesabu pini: chache mno. Uso wake ulibaki mkavu.

Mfilisi aliingia. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani midogo na maneno machache. "Tuanze. Wewe ndiwe uliyefilisika? Mara ya mwisho kuuza samani ni lini?"

"Mwezi wa pili, mheshimiwa," alisema Randa kwa sauti ya kaburini. "Zile mbao za mwisho nilizokopa zililiwa na mchwa zote. Tangu hapo sijashika hata nyundo. Mikono yangu imesahau."

"Unaishi kwa nini?"

"Kwa huruma ya mdogo wangu."

Bosi alisimama bila kuitwa. "Ni kweli, mheshimiwa. Namlisha mimi. Ananisaidia kufagia uani. Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara, hata hivi viti mlivyokalia ni tenda ya kampuni yangu. Naviagiza nje, vinakuja na meli."

"Mtalaka wake yupo?" aliuliza mfilisi. "Una la kusema kuhusu kipato cha huyu bwana?"

Fundi alisimama. Dada yake alimtazama kwa wasiwasi, maana alitegemea kilio, na badala yake aliona tabasamu.

"Kuhusu kipato, sijui, mheshimiwa. Mimi ni fundi wa makochi, najua viti tu. Nataka kwanza niwape pole kwa kununuliwa takataka."

Bosi akatoa macho. "Takataka?"

"Shemeji, usinichukie, wewe umeletewa tu na meli. Aliyeunda hivi viti ni mwanagenzi. Tazama, mheshimiwa." Alikitikisa kiti chake, ambacho hakikutikisika hata chembe. "Vimebandikwa kwa gundi na msumari. Egemeo limepinda bila sababu, labda mbao ilikuwa mbichi. Mvua ya kwanza tu, kuni."

Randa alijikuna shingo. Alitazama dari.

"Na miguu," aliendelea fundi, kwa sauti ya kumwonea mtu huruma. "Maskini miguu. Imechomekwa kwa kubahatisha. Mtu mwenye tumbo kama la bwana mbao hapa asikae kwa nguvu."

"Lo!" alisema muuza mbao, akanyanyuka nusu.

"Mume wangu wa zamani ana makosa yake," alisema fundi, "lakini kiti kama hiki asingekubali hata kukifungia mbuzi."

"Kubahatisha!" Randa alikuwa amesimama. Sauti ya kaburini ilikuwa imefufuka. "Kubahatisha wapi? Kila mguu umeingia kwenye tundu lake, na tundu limepigwa patasi kwa mkono, si mashine! Gundi na msumari! Vua kitambaa uone kama kuna msumari hata mmoja kwenye kiungo! Na hilo egemeo limepindwa makusudi, wewe mwenyewe unajua kwa nini li..."

Alijiziba mdomo. Ukumbi mzima ulimgeukia. Bosi alifumba macho, kama mtu anayesubiri sindano.

"Endelea," alisema mfilisi.

Randa alizitazama kandambili zake.

"Basi nitamsaidia," alisema fundi. Alikipindua kiti miguu juu, akakilaza juu ya meza mbele ya miwani midogo. Aliingiza ukucha chini ya pini ya pembeni, akavuta. Kitambaa cheusi kilitoka kwa mkupuo mmoja. Pale chini, kwenye ubao safi, penseli nene nyekundu iling'aa kama imeandikwa asubuhi ile: R ndani ya pembetatu, namba thelathini na moja, na tarehe ya siku tisa zilizopita.

Mfilisi aliisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kisha akasema maneno ambayo dada mtu angeyasimulia dukani kwake kwa miaka: "Wote simameni. Geuzeni viti."

Ilikuwa patashika. Watu wazima walipiga magoti, vitambaa vikachanika, kila mmoja akipaza sauti alichokiona. "Namba nane!" "Hapa arobaini na mbili, wiki iliyopita!" "Huku kaandika mpaka saa!" Viti sitini vililala miguu juu kama ng'ombe waliochoka, na kila kimoja kilimtaja baba yake. Muuza mbao ndiye aliyechelewa kuinuka. Alikuwa ameinama juu ya kiti chake, akigusa kwa kidole muhuri mdogo wa bluu kwenye pembe ya ubao.

"Hizi mbao zangu," alisema taratibu. "Muhuri wa ghala langu huu. Ndizo zilizoliwa na mchwa!" Akajishika kiuno, tumbo likaanza kutikisika. "Jamani, mchwa hawa wamesomea ufundi!"

Hapo hata karani aliyekuwa akiandika mlangoni aliangua kicheko. Mwenye nyumba alijipangusa machozi. Bosi alianza kusogea kuelekea mlangoni, akakuta dada mtu amekwisha simama pale, mikono kiunoni. "Shemeji, meli inaondoka saa hizi?"

Mfilisi aligonga meza. Aliandika kwa muda mrefu, na kila mtu aliisikiliza kalamu.

"Naandika kwamba mfilisiwa anafanya kazi kila siku na mapato yake yanapita kwenye kampuni ya ndugu yake," alisema mwishoni. "Nusu ya malipo ya tenda hii bado iko serikalini. Haitatoka kwenda kwa kampuni mpaka hakimu aseme. Kwa sheria, matunzo yaliyolimbikizwa yatatoka kwanza. Kitakachobaki ndicho cha wadai wengine. Kuna anayepinga?"

Macho yote yalimgeukia muuza mbao, aliyekuwa akidai kuliko wote. Alikuna ndevu, akautazama muhuri wake, akamtazama fundi.

"Watoto watangulie," alisema. "Mama, kwa raha uliyonipa leo, nitasubiri nimesimama. Maana kukaa umenitisha."

*

Wiki mbili baadaye hakimu aliyasema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi. Kufilisika hakukufuta matunzo. Kiasi cha kila mwezi kilibaki vilevile, bila kukatwa hata ukucha, na kingekatwa moja kwa moja kwenye kila kazi ya Randa kabla haijamfikia mkononi. Malimbikizo ya miezi kumi na mmoja yalilipwa asubuhi ile, kwenye dirisha la ghorofa ya chini. Bosi na Randa walipewa tarehe nyingine ya kujieleza kwa kusema uongo mbele ya mfilisi, lakini hiyo ilikuwa kesi yao, si ya fundi.

Yeye alikuwa na hesabu zake. Kabla fundi hajafika dirishani, mfilisi alikuwa amemwita kando: viti sitini vilikuwa vimebaki bila kitambaa cha chini, na ofisi ilihitaji fundi. Fundi alitaja bei bila kupepesa, bei ya mtu asiyeombwa punguzo. Mfilisi aliikubali. Kisha fundi akapita shuleni, akaiweka ada ya mwaka mzima mezani kwa mhasibu, akaomba risiti ya kwanza iandikwe jina la binti mkubwa. Yule binti, akiwa amesimama pembeni na sare yake, aliisoma risiti mara mbili na kuikunja mara nne, akaitia mfukoni, akauficha mfuko kwa kiganja.

"Na ile habari ya kukaa nyumbani mwaka mmoja?" mama yake alimuuliza.

"Habari gani?" alisema binti. "Mimi sijasema kitu." Na akakimbilia darasani, maana kengele ilikuwa imelia.

Mchana fundi alirudi mahakamani kuchukua nakala ya hukumu. Akamkuta Randa kwenye korido, peke yake, safari hii na viatu viwili vya jozi moja. Randa alimkwepa macho, akamwacha apite, kisha akashindwa kujizuia.

"Mama watoto."

Fundi aligeuka.

"Niambie ukweli tu."  Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi kwa wiki mbili, na si kwa ajili ya kesi. "Vimelegea?"

Angeweza kumwambia ndiyo, na neno lile lingemlaza macho mpaka uzeeni. Lakini siku ile alikuwa na mali nyingi, hata ukweli aliweza kuutoa bure.

"Havijalegea hata kimoja," alisema. "Ni viti bora kuliko vyote ulivyowahi kuunda. Ndiyo maana utalipa."

Randa aliinamisha kichwa. Kona ya mdomo wake ilicheza, kwa aibu, au kwa fahari, au kwa vyote viwili. Fundi hakungoja kujua. Aliteremka ngazi na nakala yake yenye muhuri, mgongo umenyooka kama egemeo jipya. Chini, karibu na meza ya karani, dada yake alikuwa akimsubiri. Alipoiona ile karatasi, alipiga kigelegele kilichofika mpaka ghorofa ya juu.

Safari hii karani hakuinua kidole.